Kabla Hujanunua Mziki wa Sebuleni

Swali ni lile lile: "Nina laki tatu, nataka mziki mzuri wa sebuleni, ninunue upi?" Mwingine ana laki na nusu, mwingine ana laki tano, mwingine yuko Nairobi na anazunguka Luthuli Avenue bila kujua aingie duka gani. Wote wanataka niwatajie jina la kifaa.

Sitalitaja. Mzigo wa madukani hubadilika kila kontena linapofunguliwa. Kifaa nitakachokisifia leo, mwezi ujao hakipo Kariakoo, au kipo cha bandia chenye jina lile lile. Nitakupa namna ya kugawa hela yako, kukagua na kusikiliza, ili jina lolote utakalokutana nalo ulihukumu mwenyewe.

Unasikilizia wapi?

Kama umepanga chumba kimoja na ukuta wako ndio ukuta wa jirani, nunua spika moja nzuri ya Bluetooth, uishie hapo. Hutapata nafasi ya kutenganisha spika mbili, na besi kubwa itakugombanisha na watu. Makala hii ni ya mwenye sebule, hata iwe ndogo ya mita tatu kwa nne, anayetaka kukaa kwenye kochi jioni asikie muziki kama ulivyopigwa: gitaa hili kushoto, lile kulia, mwimbaji katikati. Kazi hiyo inahitaji spika mbili zilizoachana. Spika moja, hata iwe ya bei gani, haiiwezi.

Usinunue namba

Kosa la kwanza, na ndilo linalokula hela za watu wengi, ni kununua wati zilizoandikwa kwenye boksi. Sabufa ndogo yenye spika mbili za plastiki imeandikwa mbele "12,000W PMPO", mteja anaamini amepata mashine ya ukumbini. Igeuze. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kidogo: 230V, 50Hz, 60W. Hiyo 60 ndiyo kiasi cha umeme ambao kifaa kinakula. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kukupigia muziki wa wati elfu kumi na mbili, kama ambavyo kilo moja ya unga haitoi ugali wa kulisha harusi. Sehemu ya hizo 60 inaishia kwenye joto, na zinazofika kwenye spika huwa thelathini, pengine pungufu.

PMPO haina kanuni inayoilinda, kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Namba ya kuangalia ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaitoa mfululizo bila kuchoka. Na hizo RMS hazihitajiki nyingi. Spika ya kawaida yenye kipimo cha desibeli 88 ukiipa wati moja tu, ukisimama mita moja mbele yake, itabidi upaze sauti ili uzungumze na mwenzako. Sebule nyingi zinatosheka na amplifaya ya wati 20 hadi 50 za kweli kwa kila upande.

Hizo desibeli zinazoandikwa nyuma ya spika nazo zina faida kubwa kwa mwenye hela kidogo. Kila desibeli tatu zinazoongezeka ni sawa na kuizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Spika ya 91 ikisukumwa na wati 25 inalia sawa na spika ya 88 inayosukumwa na wati 50. Ukipata spika nyepesi kusukuma, unaweza kununua amplifaya ndogo, na tofauti ya bei ikabaki mfukoni.

Hela iende kwenye spika

Tuseme una hiyo laki tatu, shilingi za Tanzania. Mimi ningeigawa hivi:

- Spika mbili: 160,000.
- Amplifaya: 90,000.
- Waya, kipokezi cha Bluetooth, kifaa cha kulinda umeme na ujira wa fundi: 50,000.

Bei zitakataa hapa na pale, lakini mgawanyo ushike: zaidi ya nusu iende kwenye spika. Amplifaya mbili nzima za nguvu sawa hazipishani sana kwa sauti, ila spika zinapishana kama watu. Nimesikia amplifaya ya kawaida kabisa ikitoa muziki wa kukutuliza roho kwa sababu spika zake zilikuwa nzuri. Kinyume chake sijawahi kukisikia.

Kama hela haitoshi kwa mara moja, nunua spika kwanza. Azima amplifaya ya ndugu au ya jirani kwa miezi miwili, kisha ujikamilishie. Ukianza na amplifaya, utashawishika kuiungia spika zozote, na hizo zozote zitakaa sebuleni miaka mitano.

Mpya au mtumba?

Kwa bajeti hii, jibu langu ni mtumba, na najua hapo baadhi yenu mmekunja uso. "Si vitu vya watu vilivyochoka?" Vingine ndiyo, na hapo chini nitakuonyesha jinsi ya kuvijua. Ila fikiria kilichomo. Amplifaya ya Japani ya miaka ya themanini au tisini, ya Sansui, Pioneer, Technics au Yamaha, ina transfoma nzito, bodi pana ambayo fundi anaweza kuingiza mkono, na vipuri vinavyobadilishika. Spika za mbao za Uingereza kama Wharfedale, Mission au KEF zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya watu wa kawaida wanaosikiliza wameketi. Kwa hela ile ile, kipya utakachopata ni plastiki, taa zinazocheza na remoti.

Kuna hali mbili ambazo ningekushauri uchukue kipya:

- Huna fundi unayemwamini karibu na unapoishi.
- Unahitaji garantii kwa sababu kifaa ni cha watu wengi, kwa mfano cha kanisani au cha kikundi.

Ukinunua kipya, gonga boksi la spika kwa kifundo cha kidole. Mbao nzito au ubao ulioshindiliwa unajibu "du", kifupi, na unanyamaza. Plastiki nyepesi inalia kama debe tupu, na mlio huo utausikia ndani ya kila wimbo. Kisha cheza wimbo na uweke sikio karibu na kila duara unaloliona mbele. Kuna boksi zenye twita (vile vispika vidogo vya sauti za juu) za urembo, vifuniko vya plastiki visivyounganishwa na waya wowote.

Kukagua spika za mtumba

Hapa nakuomba uende polepole, maana ndipo hela inapopotelea.

- Ukingo wa wufa, yaani spika kubwa ya sauti za chini. Vua wavu wa mbele. Ile pete laini inayoshika karatasi kwenye chuma ni ya mpira au ya sponji. Ya mpira inadumu sana. Ya sponji huoza yenyewe hata kama spika haikupigwa, na joto na unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja huiwahisha. Iguse kwa upole: ikiacha unga au kunata kama gundi, imekwisha. Mafundi wengine wanabandika ukingo mpya, kwa hiyo usiikatae spika kwa hilo peke yake, ila gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.
- Karatasi ikwame au isikwame. Weka vidole vinne kuzunguka katikati, sukuma ndani taratibu, uiachie irudi. Ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imepinda. Rudisha.
- Twita. Wufa inaweza kupiga kelele ikakuficha kwamba twita imekufa. Zuia wufa kwa mto au koti, usikilize juu: upatu, kayamba na herufi "s" za mwimbaji lazima zisikike, na pande zote mbili zilingane.
- Jozi. Hakikisha zote mbili ni za aina moja, na wufa zote mbili ni za asili. Kuna wauzaji wanaopachika wufa ngeni upande mmoja, nayo hujitambulisha kwa rangi ya karatasi au skrubu zisizofanana.
- Betri. Beba betri ndogo ya volti 1.5 na kipande cha waya. Gusisha chanya kwenye tundu jekundu, hasi kwenye jeusi, kwa kufumba na kufumbua. Spika nzima inakwaruza kidogo na karatasi ya wufa inatoka nje. Ikiingia ndani, mtu aliwahi kuifungua akageuza waya.

Kukagua amplifaya

Iwashe ikiwa haijaungwa spika zako nzuri. Muuzaji mwenye nia njema atakuwa na spika moja ya majaribio, itumie hiyo kwanza.

Nyingi za zamani zina kinga ndani: ukiwasha, unasubiri sekunde chache, kisha unasikia "tak" na sauti inafunguka. Isipogonga kabisa, kuna ugonjwa ndani. Ikigonga, zungusha kitufe cha sauti bila wimbo wowote. Mkwaruzo kidogo ni vumbi na kutu, fundi huutoa kwa dawa ya kupuliza. Kisha cheza wimbo: upande mmoja ukizimika moja kwa moja hata ukitikisa kitufe, hilo ni tatizo la bei nyingine. Halafu simamisha wimbo, weka sikio kwenye spika: mvumo mzito wa "mmmm" usiobadilika unapoongeza au kupunguza sauti mara nyingi ni kapasita zilizokauka. Zinabadilishika, lakini mwambie muuzaji kwamba umeusikia.

Kama fundi wako ana mita, amwombe muuzaji ruhusa ya kupima volti za moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika bila wimbo. Milivolti chache hadi hamsini hivi hazina neno. Volti nzima au zaidi ni dalili ya ugonjwa ndani, na zikiwa nyingi zitaunguza wufa zako.

Mwisho, iache ipige nusu saa. Joto la kuweza kuweka kiganja ni la kawaida. Ikikulazimisha kuondoa mkono ilhali sauti ni ya chini, iache hapo hapo.

Onyo kuhusu matengenezo: ukiambiwa "transista zimebadilishwa ni mpya", uliza zimetoka wapi. Transista za nguvu na zile aisii za STK ni kati ya vipuri vinavyoghushiwa sana, na za bandia hufa mapema, pengine pamoja na spika. Amplifaya ambayo haijaguswa na mtu, hata ikiwa na vumbi, naiamini kuliko iliyong'arishwa.

Soma volti kabla ya kuchomeka

Mjomba wangu Tanga aliletewa amplifaya na rafiki yake baharia. Nzito, safi, ya kupendeza. Akaichomeka mbele ya wageni. Harufu ya varnishi iliyoungua ilikaa kwenye mapazia wiki nzima. Nyuma yake palikuwa pameandikwa 100V.

Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Wa Japani ni 100, wa Marekani 120. Kifaa kilichotengenezwa kuuzwa kwa watu wa huko hakivumilii umeme wetu hata dakika moja. Vingine vina swichi nyuma ya kuchagua 110, 120, 220 au 240: hakikisha iko mahali pake kabla ya kuchomeka. Kama ni cha 100 tu, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi kile kifaa kinachokula. Kifaa cha wati 200, tafuta transfoma ya 300 au zaidi. Ongeza gharama hiyo kwenye bei kabla hujasema ni rahisi.

Umeme ukikatika, zima amplifaya na uchomoe. Unaporudi huwa unapanda na kushuka dakika za mwanzo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa kabisa kwa mziki pia.

Wenye sola: msinunue amplifaya kubwa ya kupitishia kwenye inveta. Inveta za bei nafuu huleta mvumo na zinakula betri. Kuna bodi ndogo za amplifaya za kisasa zinazotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, hazipati joto sana, na zikiungwa kwenye spika nzuri zinashangaza. Weka fyuzi kwenye waya unaotoka kwenye betri. Hilo la fyuzi si la hiari.

Kusikiliza dukani

Muuzaji atakupigia wimbo wake, kwa sauti yake, besi imefunguliwa yote. Kila spika inasikika nzuri namna hiyo kwa dakika tatu. Nenda na flashi yako yenye nyimbo tatu unazozijua kila pumzi. Zisiwe zile zilizozunguka WhatsApp mpaka zikachujuka, tafuta faili za kilobiti 320 au CD halisi.

Mimi huchukua hizi:

- Taarab ya Unguja, ya kikundi kama Culture Musical Club. Kanuni ina nyuzi nyingi nyembamba, fidla zinapanda juu. Kwenye twita mbovu fidla zinachoma sikio, na kanuni inageuka kelele moja isiyo na nyuzi.
- Dansi la zamani, Mlimani Park au TPOK Jazz ya Franco. Humo magitaa yanapishana: solo, la kati, ridhim, na besi chini yake. Jaribu kulifuata moja tu, lile la ridhim, mwanzo hadi mwisho. Ukilipoteza kila besi inapoingia, spika hizo zinavuruga.
- Sauti ya mtu mmoja karibu na maiki. Mimi hutumia Bi Kidude, kwa ule ukwaruzo wake. Hiki ndicho kipimo kikuu. Sauti ya mtu tunaijua tangu tumbo la mama, sikio halidanganyiki nayo. Kama mwimbaji anasikika yuko ndani ya pipa, au anaimbia puani, ondoka hata kama besi inatikisa sakafu.

Utaratibu: mwombe muuzaji arudishe besi na trebo katikati na azime vitufe vyote vya "super bass". Anza kwa sauti ya chini, ya mazungumzo. Mziki mzuri unasikika kamili hata chini. Kisha panda hadi sauti ya nyumbani, na kidogo zaidi. Usione haya, kaa hata nusu saa. Anayekuharakisha hataki usikie kitu fulani.

"Lakini mimi napenda besi." Hata mimi. Besi nzuri ina noti: unaweza kuiimba kwa mdomo. Ukisikia "bu-bu-bu" ile ile kwenye nyimbo zote tatu, hiyo ni besi ya boksi na si ya mpigaji. Ukizoea spika zako na bado unataka zaidi, ongeza sabufa peke yake mwakani.

Ukishafika nyumbani

Watu wananunua vizuri wanapanga vibaya. Spika moja juu ya kabati, nyingine nyuma ya kochi, halafu wananiandikia kwamba wamepigwa.

1. Ziweke ukuta mmoja, zikiachana mita mbili hivi, na wewe ukae umbali unaolingana na huo.
2. Twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Tofali mbili za simenti zilizofunikwa kanga ni kisimamio imara kuliko stuli za duka.
3. Zitoe ukutani angalau shibiri mbili. Zikisukumwa kwenye kona, besi inavimba na kufunika sauti.
4. Waya: nenda duka la vifaa vya umeme, nunua waya laini wa milimita 1.5. Unatosha kwa sebule yoyote. Usishawishiwe na waya wa bei ya spika.
5. Chanya kwa chanya pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inatoweka na mwimbaji anakosa pa kusimama.

Sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha ya aluminiamu hufanya muziki uwe na mwangwi. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unabaki hewani, tandika zulia au mkeka mnene mbele ya spika na uweke mapazia mazito. Hakuna kifaa cha laki moja kitakachokupa badiliko kubwa kama hilo.

Amplifaya isifunikwe kitambaa cha kufuma, hata kama mama mwenye nyumba amekifuma kwa mapenzi. Matundu ya juu ndiyo pumzi yake. Mende nao hupenda joto la ndani na kutaga humo, kwa hiyo isikae jikoni wala karibu na makombo. Wavu wa spika urudishwe, maana watoto hawawezi kuona kile kidude cha katikati wasikibonyeze.

Simu na televisheni

Amplifaya ya zamani haina Bluetooth, na si tatizo: kipokezi kidogo chenye waya za nyekundu na nyeupe kinachomekwa nyuma, kwenye tundu la AUX, TAPE au CD. Usikichomeke PHONO. Hilo ni la sahani za santuri, sauti itatoka imevunjika. Televisheni nyingi mpya zina tundu la mwanga tu la kutolea sauti, hapo utahitaji kiboksi cha kuibadilisha. Kama ina tundu la hedifoni, waya mmoja unatosha.

Na sauti ikianza kukwaruza ukiwa umepandisha, shusha papo hapo. Twita nyingi nilizoona zimekufa ziliuawa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa kwenye sherehe, wakati wenyewe walidhani amplifaya ndogo haiwezi kudhuru spika kubwa. Kwa harusi na vipaimara, kodi mziki wa kazi hiyo. Huu wa sebuleni uache sebuleni.

Jumamosi ukienda dukani, beba flashi, betri moja na mtu mwenye subira. Usitoe hela mpaka umefumba macho na kumsikia mwimbaji amesimama katikati ya spika mbili, mahali pasipo na spika yoyote.